Jinsi ya kujitengenezea randa ya mbao ya digrii 50, inayoiweza mninga na mvule

Kama ushawahi kupiga randa ubao wa mninga, ukafika katikati ukasikia krrr, kuangalia ukakuta nyuzi zimenyofoka vishimo vishimo, afu ukageuza ubao ukaanza upande wa pili na huko nako ikanyofoka sehemu nyingine, basi haya maelezo ni yako. Sio kwamba hujui kazi. Mninga, mvule, mkangazi, hizi mbao zetu za maana nyuzi zake zimepishana, mti unapokua unajisokota upande mmoja kwa miaka kadhaa afu unarudi kujisokota upande wa pili, kwahiyo ndani ya ubao mmoja una safu imelalia huku na safu imelalia kule, na wewe una randa moja tu mkononi.

Randa ya chuma ya kawaida, zile za mtindo wa Stanley namba 4 na nyingi za bei rahisi zilizoigizwa hapo, kisu chake kimelala digrii 45. Kwa msonobari iko vizuri sana. Ila kwa nyuzi zilizopishana kisu cha digrii 45 kinaingia chini ya uzi na kuunyanyua kabla hakijaukata, unang'oka na mzizi wake. Ukikisimamisha kisu kidogo, digrii 50 mpaka 55, hakiunyanyui tena, kinausukuma mbele unavunjika palepale. Na mdomo wa randa, ule upenyo wa chini kisu kinapotokezea, ukiwa mwembamba, ile mbao iliyo mbele ya kisu inakandamiza uzi usipate nafasi ya kunyanyuka. Ni hayo mawili tu, pembe na mdomo, na yote mawili ukitengeneza randa yako unayapanga unavotaka wewe, tena kwa mabaki ya mbao yanayozagaa hapo karakana.

Mimi niko Tanga, Ngamiani huku, kazi yangu zaidi ni meza, vitanda na milango. Msasa nilikuwa nanunua kama unga wa ugali. Nilipopata randa hii msasa umepungua sana, juu ya meza napitisha randa, naishia na msasa laini kidogo tu, saa nyingine sipitishi kabisa.

Njia yenyewe

Zamani randa ya mbao ilichongwa kwenye gogo moja, unatoboa kwa patasi kutoka juu mpaka chini. Warumi walikuwa na randa, zimefukuliwa Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79. Wajapani mpaka leo wanatumia gogo moja la mbao ngumu, tena wao wanaivuta kuja kwao badala ya kusukuma. Kuchonga hivo kunataka mkono uliotulia sana na patasi nyingi, kitanda cha kisu, pale kisu kinapolala, kiko ndani kule huoni vizuri unachofanya.

Njia rahisi ni kupasua gogo vipande vitatu, mashavu mawili na moyo wa katikati, moyo unaukata kwa pembe ukiwa nje kwenye mwanga, afu unagundisha vyote vikarudi kuwa gogo moja. Aliyeisambaza sana njia hii ni fundi samani James Krenov, mzaliwa wa Siberia mwaka 1920, akajifunza kazi Sweden na baadae akafundisha Marekani mpaka uzeeni. Hiyo ndio tutakayofuata, na vipimo ni vyangu mimi, nimevibadilisha kwa ajili ya mbao za huku.

Mbao

Hapa ndipo watu wanapoharibu, na mimi niliharibu, kwahiyo nitakaa kidogo.

Randa yangu ya kwanza niliitengeneza kipindi cha masika, kipande cha mninga nilikitoa kwenye mbao zilizoshushwa kwenye lori wiki hiyohiyo, kwa mkono kilionekana kikavu kabisa. Ikatoka nzuri, nikaringa nayo. Ilipofika Januari, kaskazi inavuma na jua la Tanga unalijua, mwili ukasinyaa ukakibana kisu kushoto na kulia hakisogei hata kwa nyundo, na mimi kwa ubishi nikagonga, shavu moja likafunguka kwenye gundi likalia kama kuni. Chuma hakisinyai, mbao inasinyaa, na inasinyaa kwenye upana sio kwenye urefu. Kumbuka hilo.

Dawa yake ni mzani. Kata kipande chako kikubwa kidogo kuliko unachotaka, paka rangi au nta ya mshumaa ncha zote mbili zisipasuke, kiweke kivulini penye upepo, sio juani, na kila wiki kipime kwenye mzani wa jikoni au peleka dukani wakupimie. Kipande cha saizi ya randa hii, vipimo viko hapo chini, kikiwa kikavu kinacheza karibu kilo moja. Uzito ukigoma kushuka wiki tatu mfululizo basi kimekauka kwa kiwango cha hapo unapoishi, kitumie. Njia ya mkato ni kutafuta mguu wa kitanda cha zamani au fremu ya mlango iliyobomolewa, huo umeshakauka miaka 30, hauna maneno.

Aina ya mti: mninga ndio chaguo langu, hauchezi sana na hali ya hewa na uzito wake ni wa wastani. Mtiki nao unatulia vizuri na huku kwetu unapatikana, shamba la Longuza lipo hapo Muheza tu, ila una mafuta na unakula makali ya kisu ukiuchonga. Mkongo ni mzuri pia, mzito kidogo. Mvule mimi siupendi kwa kazi hii, ndani yake mara nyingi kuna mawe, yale madoa meupe ya chokaa, kisu kikikutana nalo linatoa pengo, na vumbi lake linawasha ngozi na kubana kifua. Ukiupasua vaa barakoa, na kwa kweli mbao yoyote ngumu ukiipasua vaa. Kama una kipande cha mhuhu au mpingo kiweke pembeni, tutakihitaji.

Angalia ncha ya kipande: mistari ya miaka isimame wima kutoka juu kwenda chini, isilale. Afu angalia ubavuni nyuzi zinaelekea wapi. Fikiria samaki, magamba yake yamelalia mkiani, ukimpapasa kutoka kichwani kwenda mkiani mkono unateleza, ukirudi kinyume magamba yanasimama. Tumbo la randa, ule upande wa chini unaoteleza juu ya ubao, liwe hivo, nyuzi ziteremke kuelekea nyuma ili randa ikienda mbele isikwaruzwe. Mninga wenye nyuzi zilizopishana hautakupa hili asilimia mia, chukua upande wenye unafuu.

Vitu utakavyohitaji

Kipande cha urefu sentimita 32, upana 8.5, kimo 6.5. Kisu cha randa ya chuma pamoja na kile kibati chake cha juu kinachofungwa kwa skrubu. Usinunue randa nzima, randa za chuma cha kalibu zikianguka sakafuni zinapasuka, kwahiyo karibu kila karakana ina mzoga wa randa uliobaki kisu kizima, omba au nunua kwa bei ya kutupa. Kisu cha inchi 2, yani milimita 51, ndio vipimo vyangu vinavyofuata. Wapo wanaopeleka chuma cha springi ya lori kwa mhunzi wakatengenezewa kisu kinene, kinafanya kazi vizuri sana kama mhunzi anajua kukizamisha kwenye oili na kukirudisha moto mdogo mpaka kigeuke rangi ya majani makavu, ila kwa randa ya kwanza usijiongezee mzigo.

Vingine ni msumeno wa meno madogo, patasi ya milimita 20 hivi, drili au keekee na biti ya milimita 10, skwea, wazee wanaita guni, tupa nyembamba, gundi nyeupe ya mbao, misasa namba 120, 220, 400, 1000 na 2000, na kipande cha kioo kinene. Klampu kama huna, tyubu ya baiskeli, na Tanga hii mtu asiniambie amekosa tyubu ya baiskeli. Ikate ukanda mrefu wa vidole viwili, ukivuta na kuzungushia inakaza kuliko klampu nyingi za bei rahisi.

Kupasua

Kwanza piga randa sura zote nne zinyooke na zikae mraba, kama kuna mashine ya jirani mpelekee. Chora pembetatu kubwa juu ya gogo ikatize upana wote, itakuonesha kila kipande kilikuwa wapi, maana ukishapasua vyote vinafanana.

Pasua shavu la milimita 12 kila upande. Ukishatoa shavu mbili na njia ya msumeno, moyo unabaki kama milimita 55. Nyoosha nyuso zilizopasuliwa mpaka moyo ufike milimita 53, yani milimita moja ya ziada kila upande wa kisu. Hiyo nafasi usiione ndogo ukaiongeza, wala usiione kubwa ukaiondoa, ndio ya kukisogeza kisu kushoto kulia na ndio ya kuponea kaskazi. Mashavu yabaki milimita 10. Shikanisha kwa mkono bila gundi, ukiona mwanga unapita popote rudia, gundi haizibi uvivu.

Pembe

Huhitaji vyombo vya pembe. Laza moyo kwa ubavu. Pima sentimita 13 kutoka ncha ya mbele, weka alama kwenye ukingo wa chini, hapo ndio mdomo. Kwa kitanda cha kisu, kutoka kwenye alama panda juu sentimita 6 na rudi nyuma sentimita 5, unganisha kwa mstari, umepata digrii 50. Ukitaka 55 panda 6 rudi 4.2. Mimi sijaona haja ya 55 kwa mninga wa kawaida, na kila digrii unayoongeza mkono unalipa, randa inakuwa nzito kusukuma. Kwa mteremko wa mbele panapotokea maranda, kutoka alama ileile panda 6 nenda mbele 3. Hapo sio lazima pawe sahihi sana, panapitisha uchafu tu.

Kata kwa msumeno nje kidogo ya mstari. Sasa hiki kitanda cha kisu ndio roho ya randa yote, kinatakiwa kinyooke kabisa na kiwe mraba na ubavu. Bandika msasa 120 kwenye kioo, usugue taratibu ukipima kwa skwea kila baada ya mara kumi. Kikiwa na bonde dogo sana katikati haina shida, kikiwa na kilima hata cha unene wa karatasi kisu kitapigapiga kama bati la nyumba kwenye upepo, na utakaa wiki nzima unatafuta tatizo liko wapi.

Kile kibati cha juu kinafungwa kwa skrubu ambayo kichwa chake kinatokeza chini ya kisu, kwahiyo chimba mfereji katikati ya kitanda, upana milimita 20, kina 8, uanzie juu na uishie kama sentimita 3 kabla ya mdomo. Weka kisu na kibati chake, hakikisha kichwa cha skrubu kinaogelea humo bila kugusa popote, na kina nafasi ya kupanda na kushuka. Usiufikishe mfereji mdomoni, pale kisu kinahitaji kulala juu ya mbao nzima.

Kijiti

Kisu kinakazwa na kabari, na kabari inaegemea kijiti kinachokatiza kutoka shavu hadi shavu. Mahali pa kijiti panapatikana hivi: chora pembe ya kitanda kwenye ubavu wa nje wa shavu moja, lazia kisu na kibati chake kwenye huo mstari, chora unene wake, ongeza milimita 7 za kabari, ongeza na 7 nyingine za nusu ya kijiti, hapo ndio katikati ya kijiti. Kimo chake kutoka tumboni ni milimita 33. Kikikaa chini sana maranda yanaziba, kikikaa juu sana kisu kinatetemeka huku chini.

Shikanisha mashavu na moyo kwa klampu, toboa shimo la milimita 10 lipite mashavu yote mawili kwa wakati mmoja likiwa mraba. Usitoboe kila shavu peke yake ukategemea yatalingana, hayatalingana.

Kijiti chenyewe chonga kwa mbao ngumu, hapa mpingo au mhuhu unakaa vizuri. Katikati kiwe mraba wa milimita 14 kwa urefu pungufu kidogo ya 53, ncha zake zote mbili zizungushwe ziwe duara la kuingia kwenye mashimo kwa kulegea kidogo. Kinatakiwa kizunguke chenyewe, ili ukigonga kabari kijilaze chote juu yake. Nilimpelekea babu mmoja fundi milango ile randa yangu ya kwanza akaikagua, akacheka kwanza, kijiti nilikuwa nimekigandisha na gundi, kabari ikawa inagusa kona moja tu. Tangu siku hiyo ncha za kijiti nazipaka mshumaa kabla ya kugundisha, gundi haishiki kwenye nta.

Kugundisha

Panga kwanza bila gundi. Weka kipande cha nyuma, weka kisu kwenye kitanda makali yakiwa milimita moja juu ya usawa wa tumbo, afu sogeza kipande cha mbele mpaka mteremko wake uguse makali. Umeelewa? Mdomo kwa sasa unakuwa mwembamba kuliko unavohitajika, tutaufungua baadae kwa kupunguza tumbo. Mdomo ukianza mkubwa haurudi.

Gogo lina sentimita za ziada huku na huku mwishoni, tutazikata baadae randa ibaki 27, na sasa zina kazi. Gundi mbichi inateleza kama sabuni na vipande vitahama ukikaza, kwahiyo toboa tundu dogo kila pembe kwenye sehemu itakayokatwa, ingiza msumari usio na kichwa, vipande vikae bila kuhama. Ukishamaliza zile ncha unazikata na misumari yake.

Kama mbao ni ya mafuta, mtiki au mhuhu, futa nyuso na tambaa lenye spiriti au thina, subiri ikauke, ugundishe palepale. Paka gundi nyembamba, usipake karibu sana na kitanda, itakayofinyika ndani ya koo, ile njia ya maranda kupandia, ifute na kijiti na tambaa bichi kabla haijakauka, ukiisahau utaitoa na patasi huku unatukana. Ingiza kijiti, bana shavu la pili, kaza tyubu kuanzia katikati kwenda nje. Acha usiku mzima na kipindi cha mvua acha saa 24. Usichungulie.

Kabari

Urefu sentimita 12, upana milimita 50, unene unaanza milimita 4 chini unakwenda kama 16 juu, mteremko wa taratibu. Ukifanya mteremko mkali kabari inaruka, ukifanya mdogo sana inazama mpaka mwisho bila kukaza. Ncha ya chini ichonge iwe nyembamba ili maranda yasikwame. Ipake penseli upande wa kijiti, igonge kidogo, itoe, utaona alama imeguswa wapi, punguza hapo, rudia mpaka alama ikae upande mzima. Kugonga kabari ni kidogo tu, tik tik. Haya ni mashavu ya milimita 10 na gundi, sio ukuta.

Tumbo na mdomo

Kata zile ncha, randa ibaki sentimita 27 hivi. Sasa weka kisu ndani kikiwa kimerudi juu milimita mbili tatu, na kaza kabari kama vile unataka kufanya kazi. Watu wanasahau hapa, kabari ikikaza mwili mzima unajipinda kidogo sana, ukinyoosha tumbo bila kabari halafu ukaikaza tumbo linapinda tena.

Bandika msasa 120 kwenye kioo, chora tumbo zima mistari ya penseli, sugua kwa kusukuma mbele bila kulegeza upande mmoja. Penseli ikifutika kote sawasawa limenyooka. Sehemu tatu ndio za muhimu kuliko zote: mbele kabisa, mbele ya mdomo, na nyuma kabisa. Maliza na 220.

Shusha kisu taratibu. Kikikwama mdomoni hakijatokeza, endelea kupunguza tumbo, au tumia tupa nyembamba kwenye ukingo wa mbele wa mdomo, upapaso mbili, jaribu, upapaso mbili, jaribu. Unatafuta nafasi ya milimita 0.4, ambayo ni karatasi nne za kawaida za daftari ukizibana pamoja. Nilichojifunza ni kuacha mapema kuliko unavofikiri, maana kila ukinyoosha tumbo siku za mbele mdomo unajiongeza wenyewe.

Siku mdomo ukishapanuka sana usitupe randa. Lile gamba la mhuhu au mpingo nililokwambia uweke pembeni, likate unene wa milimita 5, ligundishe tumboni lote au pale mbele ya mdomo tu, ufungue mdomo mpya. Wengine wanaliweka tangu mwanzo, tumbo linachelewa kulika.

Kisu

Randa nzuri yenye kisu butu ni kipande cha kuni kilichonyolewa. Upande wa mgongo, ule usio na mteremko, ulaze kwenye kioo chenye msasa 400 uliolowa maji, usugue mpaka ile sentimita ya mwisho karibu na makali ing'ae yote, afu 1000, afu 2000. Hii unafanya mara moja tu kwa maisha ya kisu. Mteremko uwe digrii 25, ukitumia grenda chovya kwenye maji kila sekunde chache, makali yakigeuka bluu chuma kimeungua, hapo unakata hadi upite. Afu nyanyua kidogo, kama digrii 30, unoe ncha tu kwa 1000 na 2000 mpaka usikie kinyuzi kimejikunja mgongoni, kitoe kwa kulaza mgongo mara moja mbili. Malizia kwenye mkanda wa ngozi.

Pembe mbili za makali zizungushe kidogo sana, zisiache mistari juu ya meza. Kibati cha juu kikae nusu milimita nyuma ya makali kwa mbao korofi, milimita moja na nusu kwa mbao tulivu, na ukingo wake ulale juu ya kisu bila kuacha mwanya hata wa unywele. Ukiacha mwanya maranda yanaingia humo na dakika mbili koo limeziba.

Umbo

Hapa kila mtu na mkono wake. Ishike kwanza dakika kumi ukisukuma hewani, utajua wapi panakuumiza, hapo pachongwe. Mimi nashusha nyuma kidogo ili kiganja kikae, na mbele nazungusha kona. Paka mafuta ya linsidi nje tu mara mbili au nta ya nyuki, usipake kitandani wala kwenye kabari, kisu kitateleza. Matambaa yenye linsidi yatandaze nje yakauke, usiyakunje ukayatupa kwenye pipa la maranda, yanapata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto.

Kuiseti

Haina skrubu ya kurekebishia, ni kinyundo kidogo tu. Igeuze tumbo juu, tazama kutoka mbele kuelekea mwanga. Kugonga kichwa cha kisu kunakishusha. Kugonga nyuma ya mwili wa randa kunakirudisha, na kunalegeza kabari pia, kwahiyo kila baada ya hapo gusa kabari kidogo. Kisu kikiwa kimeinama upande, gonga ubavu wake. Wiki ya kwanza utakasirika, ya pili mkono utakuwa umeshazoea hata kuangalia huangalii.

Sugua mshumaa tumboni mstari mmoja, anza kwa kisu kisichokata kitu, kishushe kidogo kidogo mpaka yatoke maranda ya kwanza, yanatakiwa yawe membamba uweze kuona kidole chako ng'ambo yake. Kwenye mninga mkorofi usisukume moja kwa moja, ikingamishe randa kidogo huku unakwenda mbele.

Ikizingua: kama inatoa maranda upande mmoja kisu kimeinama. Kama inaruka na kuacha mawimbi, kitanda kina kilima au kabari haijagusa chini. Kama inaziba, angalia ukingo wa kibati kwanza, afu ncha ya kabari, afu ndio ufikirie kupanua mdomo, sio kinyume. Kama bado inanyofoa nyuzi, noa. Ukishanoa na bado inanyofoa, punguza kina na usogeze kibati karibu zaidi na makali.

Jioni legeza kabari, usiiache imekaza usiku kucha. Kisu kifute na tambaa lenye mafuta ya cherehani, hewa ya bahari hapa inakula chuma, nimewahi kuacha kisu Ijumaa mchana nikarudi Jumatatu kina madoa ya kutu. Na mara mbili kwa mwaka, kaskazi ikianza na masika yakianza, chora tena penseli tumboni uipitishe kwenye kioo, mara nyingi ni upapaso kumi tu.